Kutoka Mto Elbe hadi Seiffen, kijiji cha wakereza mbao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Meli za abiria za Mto Elbe hutia nanga Dresden, mashariki mwa Ujerumani, na kutoka hapo wageni hupata siku moja ya kwenda kutembea milimani. Kijiji ninachokipenda kuliko vyote huko ni Seiffen. Nimewapeleka ndugu, marafiki, na marafiki wa marafiki, na karibu wote huniuliza yaleyale kabla ya kuondoka. Nimeyakusanya hapa kwa sababu huniuma kuona mtu ametoka Dar, Mombasa au Maskati, amefika mpaka kule, kisha siku nzima ikaishia madukani bila kuiona kazi yenyewe ikifanywa.

Seiffen iko wapi? Meli inafika?

Haifiki. Mto uko bondeni, kijiji kiko juu kwenye milima ya Erzgebirge, jina ambalo maana yake ni Milima ya Madini, karibu kabisa na mpaka wa Jamhuri ya Cheki. Kutoka Dresden ni kama kilomita 60 kuelekea kusini, na basi huchukua zaidi ya saa moja kwa sababu barabara inapanda na kupinda. Treni haifiki Seiffen. Ya karibu inaishia Olbernhau, halafu unamalizia kwa basi la kawaida. Kwa hiyo kama meli yako ina ziara ya kwenda huko, ichukue. Kama haina na mko wanne au watano, kukodi gari Dresden kunawezekana, ila hakikisheni dereva anajua saa ambayo meli inang'oa nanga.

Kwa nini kijiji kizima kinaishi kwa mbao?

Kwa sababu madini yaliisha. Jina la Seiffen lenyewe linatokana na kazi ya kuosha mchanga wa vijito ili kupata bati, na linaonekana kwenye maandishi tangu mwaka 1324. Watu walichimba bati kwa karne nyingi. Mgodi ulipozidi kutoa kidogo, wachimbaji walianza kukereza sahani, vifungo na vibweta vya mbao wakati wa baridi, na baadaye wanasesere. Misitu ilikuwapo, vijito vya kuzungusha magurudumu vilikuwapo, na mikono ilishazoea kazi ngumu. Uchimbaji ulipofungwa mwaka 1849, mbao haikuwa tena kazi ya ziada. Ilikuwa ndiyo ugali wa nyumbani.

Usije ukadhani yalikuwa maisha ya kupendeza kama madirisha ya maduka ya leo. Baba alikereza, mama alipaka rangi, na watoto waligundisha mikia na masikio hadi usiku. Wafanyabiashara walinunua kwa dazeni, kwa bei ya kutupa, wakauza Leipzig, Nürnberg, Uingereza na Marekani. Bidhaa iliyotoka sana karne ya 19 ilikuwa Safina ya Nuhu: jahazi la mbao lililojaa wanyama wawili wawili. Nikiwaona tembo wale wadogo kwenye makumbusho huwaza jinsi walivyotengenezwa kwenye milima ya theluji ambako hajawahi kupita tembo hata mmoja, na mtoto aliyewapaka rangi ya kijivu huenda hakuwa na cha kuchezea mwenyewe.

Wakati wa Ujerumani Mashariki, mwaka 1972, karakana nyingi za watu binafsi zilichukuliwa na serikali, na mali nzuri ikapelekwa nje kutafuta fedha za kigeni. Baada ya muungano wa mwaka 1990 familia nyingi zilianza upya. Mwaka 2019 UNESCO iliingiza eneo la kale la madini la Erzgebirge, pande zote mbili za mpaka, katika Urithi wa Dunia.

Nina saa tatu tu kijijini. Nianze wapi?

Anza kwa mkereza pete. Ukikosa mengine yote, hili usilikose.

Kazi hii wenyewe wanaiita Reifendrehen, na ilizaliwa hapa yapata mwaka 1800. Fundi anachukua kipande cha gogo la mti wa jamii ya msonobari, kimekatwa mviringo kama sinia, na kimelowa maji kwelikweli, kwa maana mbao kavu ingepasuka. Anakikaza kwenye mashine ya kukerezea, kipande kinazunguka, naye anaingiza patasi. Maji yanaruka mpaka kwenye aproni yake. Mbao inatoka kwa nyuzi ndefu zilizojikunja, mfano wa ganda la chungwa lililomenywa bila kukatika, na harufu ya utomvu inajaa chumba. Anachimba mifereji upande mmoja, anageuza, anachimba upande wa pili. Wewe unayetazama huoni mnyama yeyote. Unaona bangili nene yenye mabonde na matuta yasiyo na maana.

Kisha mashine inazimwa. Anaiweka pete juu ya meza, anasimamisha kisu, anagonga na nyundo mara moja. Kipande kinaanguka. Ukikitazama kwa ubavu ni farasi: mgongo, tumbo, miguu, shingo, vyote vimo. Anagonga tena, farasi wa pili. Pete moja inaweza kutoa makumi. Fundi alimchonga mnyama ambaye hakuwa akimwona, kwa kupima kwa mkono tu, na mfereji wa tumbo ukizidi kina kidogo, pete nzima imeharibika. Baada ya hapo vipande huenda kwa mchongaji anayevipunguza kingo, kubandika masikio na mkia, kisha rangi.

Sisi wenyewe tuna neno kukereza, na matendegu ya vitanda vya pwani yamekerezwa tangu zamani, kwa hiyo wageni wangu wengi huielewa mashine ile mara moja. Lakini kukereza mnyama ndani ya pete, hilo sijasikia linafanyika kwingine. Wanaoiweza leo ni wachache sana, wa kuhesabika kwa vidole.

Mahali pazuri pa kuiona ni kwenye makumbusho ya wazi, Freilichtmuseum, pembezoni mwa kijiji. Ndani yake mna nyumba za zamani za mafundi na karakana ya karne ya 18 ambayo mashine zake zinazungushwa na gurudumu la maji. Maonyesho ya kukereza pete yana saa zake, kwa hiyo uliza mlangoni kwanza, ndipo upange mengine. Mara ya mwisho nilikwenda na shangazi yangu ambaye magoti yanamsumbua. Alikaa kwenye benchi mbele ya fundi, na fundi akampa kipande kilichotoka kupasuliwa, bado kimelowa na baridi. Alikishika muda wote tulipokuwa pale. Hakutaka kwenda dukani.

Kuna nini kingine cha kuona?

Makumbusho ya wanasesere, Spielzeugmuseum, iko katikati ya kijiji na inatosha kwa saa moja. Ndani kuna piramidi ya mbao inayozunguka, yaani pambo la ghorofa lenye mapanga juu, ndefu zaidi ya mita 6.

Kanisa la kijiji ni lile lenye pembe nane, lililomalizika mwaka 1779. Ukilitazama vizuri utagundua umeshaliona: ndilo linalochongwa kwenye nusu ya mapambo yanayouzwa hapa, pamoja na watoto waimbaji wenye majoho meusi mbele yake.

Tafuta pia karakana zenye kibao cha Schauwerkstatt, yaani karakana ambayo mgeni anaruhusiwa kuingia na kutazama. Ukimkuta fundi wa miti midogo ya kukwangua, simama. Anashika kijiti cha mbao laini, anavuta patasi kidogo kidogo bila kuukata uzi ukatoka, na kila uzi unajikunja ukabaki umeshikilia shina. Dakika chache na una mti wenye matawi ya mikunjo, bila gundi wala msumari.

Zile sanamu zina maana gani? Ni za kuabudiwa?

Swali hili huulizwa na Waislamu na Walokole sawasawa, na ni swali la haki. Si za ibada. Ni mapambo ya nyumba na mengi hutolewa kabatini majira ya Krismasi tu, kisha hurudishwa.

Askari na mfalme wenye taya kubwa ni Nussknacker, wa kuvunjia kokwa. Aliyeanza kuwatengeneza kwa kukereza ni Wilhelm Friedrich Füchtner wa hapahapa Seiffen, mwaka 1870 hivi. Watu wa kijiji hueleza kwamba walichaguliwa mfalme, askari na bwana misitu kwa makusudi, ili wakubwa waliokuwa wakiwatesa nao wafanye kazi ya kumvunjia maskini kokwa ngumu.

Mchimba madini na malaika wanaosimama dirishani wakishika mishumaa walikuwa na hesabu yao: mchimba mmoja kwa kila mtoto wa kiume nyumbani, malaika mmoja kwa kila wa kike. Tao la mishumaa, Schwibbogen, linatoka hukuhuku milimani. La kale linalojulikana ni la chuma, la mwaka 1740, kutoka Johanngeorgenstadt. Wachimbaji wakati wa baridi walishuka kabla ya jua kuchomoza na kutoka likiwa limezama. Ukilijua hilo, unaelewa kwa nini kila dirisha lina taa.

Na yule mzee anayetoa moshi mdomoni, Räuchermännchen, ndani yake huwekwa kipande kidogo cha kufukiza chenye umbo la koni. Kimetengenezwa kwa unga wa makaa, wanga wa viazi na ubani. Ndiyo, ubani uleule tunaoufukiza kwenye chetezo, utomvu unaotoka Dhofar na Pembe ya Afrika. Wageni wangu kutoka Oman wakivuta harufu ile kwenye mlango wa duka la milimani husimama ghafla.

Kama nyumbani kwako hamuweki sanamu za viumbe, chukua miti ya kukwangua, vibweta au nyota.

Ratiba imeandikwa 9:00. Ni saa tisa?

Ni saa tatu asubuhi. Nalisema hili kila mara na bado kuna anayekosea. Ratiba za meli hutumia saa za Kizungu za 24: 13:30 ni saa saba na nusu mchana, 16:00 ni saa kumi jioni. Badili kwenye karatasi yako kabla hujalala. Kuna mama mmoja niliyemfahamu alikosa basi la asubuhi kwa kosa hilihili akabaki melini kutwa. Basi halisubiri, na meli hasa haisubiri.

Ni msimu gani mzuri?

Wengi huja Desemba, meli zinapofuata masoko ya Krismasi, na Dresden kuna Striezelmarkt lililoanza mwaka 1434. Seiffen wakati huo inang'aa kweli, lakini barabara zinafurika watu na jua linazama saa kumi jioni. Kama haja yako ni kuzungumza na fundi, njoo Mei au Septemba. Yeye ana nafasi, nawe una mwanga.

Nasikia meli za Elbe wakati mwingine haziendi. Kweli?

Kweli. Elbe ni mto wenye maji haba wakati wa kiangazi, ndiyo maana hata meli zake hujengwa ili zisizame sana majini. Maji yakipungua mno, kampuni huifanya meli iwe hoteli gatini na kuwapeleka abiria kwa mabasi. Huko Děčín, upande wa Cheki, kuna jiwe mtoni linaloonekana maji yakikauka tu, limechongwa miaka ya ukame, kama 1616, na maneno ya Kijerumani: ukiniona, lia. Kwa ziara ya Seiffen hakuna kinachoharibika, maana unakwenda kwa basi vyovyote vile. Ila soma mkataba wako unasemaje kuhusu maji kupungua kabla ya kulipa.

Visa ya Ujerumani inatosha kama meli inaendelea Cheki?

Inatosha. Nchi zote mbili ziko ndani ya Schengen, visa moja ya muda mfupi inakubalika, mradi siku zako hazizidi 90 katika kila siku 180. Peleka maombi kwenye ubalozi wa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Bima ya safari lazima igharamie matibabu angalau yuro 30,000. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024.

Siku ya Seiffen beba pasipoti yenyewe, na ikiwa mapokezi ya meli wameihifadhi, iombe usiku wa kuamkia safari. Mpaka uko karibu, na tangu Oktoba 2023 polisi wa Ujerumani wamekuwa wakikagua magari yanayotoka Cheki.

Chakula je? Sisi hatuli nguruwe.

Hapa uwe makini, kwa sababu nguruwe anaingia mahali usipomtarajia. Soseji karibu zote ni zake. Supu ya viazi, ambayo jina lake linasikika salama, mara nyingi ina vipande vya nyama yake. Baadhi ya vitumbua na maandazi yao hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na keki ya Stollen mara nyingi zabibu zake zimelowekwa kwenye ramu.

Kilicho salama zaidi ni samaki: omba Forelle, samaki wa mito ya milimani, na uulize anakaangwa kwa siagi. Chapati za viazi zipo, uliza mafuta. Jifunze maneno mawili tu: "ohne Schweinefleisch" ni bila nguruwe, "ohne Alkohol" ni bila pombe. Nyama ya kuchinjwa kwa halali usiitarajie kijijini, Dresden ipo. Mimi huwaambia wageni wangu wabebe mayai, mkate na matunda kutoka kwenye kifungua kinywa cha meli, baada ya kuomba ruhusa.

Nitaswali wapi?

Hakuna msikiti Seiffen. Hali ya hewa ikiwa nzuri, nyuma ya makumbusho ya wazi kuna utulivu. Baridi ikiwa kali, mwombe dereva akufungulie basi mapema. Sijaona dereva aliyekataa akiombwa kwa adabu. Angalia nyakati, kwa sababu Desemba adhuhuri, alasiri na magharibi vimebanana ndani ya saa nne hivi.

Mama yangu hatembei vizuri. Aje?

Aje, lakini mpange. Kijiji kina miteremko, kanisa liko juu, na theluji ikiganda njia zinateleza vibaya. Avae viatu vyenye soli ya kushika ardhi, abebe fimbo. Achague makumbusho moja na karakana moja, basi. Na mavazi: kijiji kiko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata Mei asubuhi ina baridi ya Makete. Koti, soksi nzito, kofia.

Nitajuaje kama kitu ni cha hapa kweli, na bei zikoje?

Tafuta alama ya "Echt Erzgebirge – Holzkunst mit Herz", inayotolewa na chama cha mafundi wa eneo hili. Kwa mnyama wa pete kuna dalili nyingine ya macho: kwa kuwa alipasuliwa kutoka kwenye mviringo, upande uliokuwa nje ya pete ni mnene kidogo kuliko wa ndani. Mgeuze kiganjani utauona.

Mnyama mdogo ni yuro chache. Nussknacker mkubwa au piramidi ya ghorofa kadhaa ni mamia ya yuro, na ukishaona hatua zake hutashangaa. Tafadhali usipatane bei kama uko Kariakoo. Bei iliyoandikwa ndiyo bei, na kuomba punguzo kwa mtu aliyekaa wiki nzima juu ya kitu kile kunamvunja moyo. Fundi wa leo alisoma kazi hii miaka mitatu kama mwanagenzi. Ni fani inayotambuliwa rasmi, mtengeneza wanasesere wa mbao.

Beba fedha taslimu, karakana ndogo si zote zinapokea kadi. Kama unaishi nje ya Umoja wa Ulaya na risiti moja imezidi yuro 50, omba fomu ya kurudishiwa kodi na ipigwe muhuri na forodha uwanja wa ndege siku ya kuondoka, kabla ya kukabidhi mizigo.

Mimi ni Mmoraviani wa Mbeya. Herrnhut iko njiani?

Haiko njiani, iko mashariki mwa Dresden, kama kilomita 80, na Seiffen iko kusini. Lakini kama una siku mbili huru, siku ya pili iwe ya Herrnhut. Mji ule ulianzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa dini kutoka Moravia kwenye ardhi ya Zinzendorf, mwinyi wa Kijerumani, na kutoka hapo ndipo walipotumwa wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891. Mwaka 2024 uliingia Urithi wa Dunia. Na ni mji wa mafundi vilevile: nyota ya Herrnhut yenye ncha 25 hutengenezwa kwa mkono, na kwenye karakana yao utaona watu wakiikunja na kuigundisha. Nilimpeleka mzee mmoja wa kanisa kutoka Tukuyu. Makaburini, ambako mawe yote yamelala chini sawasawa bila kubagua tajiri na maskini, alivua kofia akaomba kwa Kinyakyusa.

Nimenunua piramidi ya mishumaa, nimefika nayo Tanga, haizunguki. Imeharibika?

Haijaharibika. Mapanga yake ya juu husukumwa na hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye mishumaa, kwa hiyo inataka hewa tulivu. Zima pangaboi, funga dirisha la upande wa upepo. Ikigoma bado, geuza kila panga taratibu mpaka yote yalale kwa mwinamo mmoja, na hakikisha ncha ya chuma ya mhimili imekaa kwenye kikombe chake cha kioo. Tumia mishumaa ya saizi iliyokuja nayo, usiiache ikiwaka peke yake, na ipe muda wa dakika mbili tatu ipate joto.